UZI: Stima ya simu yako ilishaliwa kabla hujainunua

FundiBaridi (mwenye uzi)

Asalaam aleikum wana jukwaa.

Mimi ni fundi hapa Majengo, Mombasa, mwaka wa kumi na tisa huu. Nilianza na redio na televisheni za kisogo, nikaingia kwenye friji na AC, na upande wa simu siku hizi namwachia mwanangu. Kilichonikalisha kuandika ni maneno ya mteja wa juzi. Alileta simu iliyopasuka kioo. Mwanangu akamtajia bei, naye akasema: "Aa, bora ninunue mpya. Hii nayo yala chaji sana, na nataka nipunguze stima nyumbani." Akaondoka nayo mfukoni. Mimi nikabaki na kiwambo mkononi, maana hesabu aliyoifanya imekaa kichwa chini, na wengi wetu twaifanya vile vile.

Tuichukue hiyo simu. Betri nyingi za sasa zimeandikwa 5,000 mAh, yaani ampea-saa 5. Zidisha kwa volti zake, wapata kama wati-saa 19. Chaja nayo hupoteza kidogo, ndilo lile joto unalolisikia ukiishika. Tuseme 25 kwa siku. Ukichaji kila siku mwaka mzima, hufiki hata uniti kumi (uniti moja ni wati-saa elfu moja). Kwa tokeni zetu hizo hazimalizi shilingi mia tatu. Kwa mwaka, nasema, si kwa mwezi.

Haya, moshi je? Stima ya Kenya kwa sehemu kubwa ni safi. Kuna mvuke wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, jua la Garissa, na tangu mwisho wa 2022 twanunua ya maji kutoka Ethiopia. Uniti moja ya kwetu huja na kama gramu 100 za hewa ya ukaa. Wastani wa dunia ni zaidi ya mara nne ya hapo. Basi simu kuchajiwa Mombasa mwaka mzima inatoa kama kilo moja tu.

Sasa nenda kiwandani ilikotoka. Kampuni kubwa za simu zenyewe huchapisha hesabu zao, na simu moja huonekana kubeba kilo 50 hadi 80 za hewa ya ukaa maisha yake yote. Katika hizo, karibu asilimia 80 zimeshatoka kabla hujafungua boksi. Kuna kuchimba madini na kuyeyusha, lakini mlaji mkubwa ni vile vidude vyeusi (chipu) vilivyogandishwa kwenye bodi. Vinatengenezwa kwenye vyumba visivyoruhusu hata chembe ya vumbi, mashine hazizimwi usiku wala mchana, na stima ya huko Uchina, Taiwan na Korea Kusini bado hutegemea sana makaa ya mawe na gesi. Chukua kilo 50 za kiwandani uzigawe kwa ile kilo moja yako ya mwaka. Yule mteja ingemlazimu achaji simu ile ile miaka hamsini ndipo afikie moshi uliotoka siku inaundwa. Na anataka kuitupa kwa ajili ya kioo.

Ikiwa waona uchungu wa stima, angalia king'amuzi. Chako kinachokaa na taa nyekundu usiku na mchana kinaweza kuvuta wati 15 bila kukuonyesha picha yoyote. Kwa mwaka hizo ni uniti 130, sawa na simu kumi na nne. Kichomoe ukilala.

Lakini msichukue maneno yangu mkayabandika kila mahali. Kwenye vitu vya baridi hesabu inageuka. Friji na AC za hapa kwetu hazipumzi, hasa kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba mpaka Machi, ukuta wa nyumba una joto hata saa nane za usiku. Hapo kinachochoma ni matumizi, kiwanda kinakuwa nyuma. Sasa hivi nina friji ya mtumba mbele yangu, imekuja na meli kutoka Ulaya, na mwenyewe alidhani mita yake imeharibika. Nimebana karatasi ya daftari kwenye mlango, nikafunga, nikavuta. Imetoka kama unga wa muhogo mkavu, haikukwama popote. Raba upande wa bawaba imekauka mpaka inalia ukiikunja. Nyuma, koili imevaa koti la vumbi na manyoya ya paka, hata rangi yake huioni. Niliifunga na mita ya plagi saa 24 ikala uniti mbili na nusu. Nimebadilisha raba, nimesugua koili kwa brashi ya rangi, nimeivuta shubiri moja kutoka ukutani. Leo imekula moja na nukta saba. Gesi sijaigusa, kompresa sijaigusa.

Niulizeni.

BarafuZaKisauni

Fundi, waaleikum salaam. Mimi nauza barafu za ukwaju na maji ya baridi hapa Kisauni. Friza langu ni la mtumba pia, nililinunua elfu kumi na nne, sasa mwaka wa sita. Tokeni za mia tano hazinifikishi siku ya tano. Kila nikiuliza naambiwa ninunue jipya lenye nyota. Lenye nyota ni elfu arobaini! Na wewe mwenyewe wasema kitu kipya kinakuja na moshi wake wa kiwandani. Sasa nishike lipi?

FundiBaridi

Dada, swali lako ndilo lililo gumu kuliko yote, na sitakujibu juu juu.

Zile nyota ni za kweli. Sheria ya kuweka alama za matumizi ya stima kwenye friji na AC ilitoka 2016, nyota moja mpaka tano. Friza kama lako nikilikadiria laweza kula uniti mbili zaidi ya jipya zuri kila siku. Kwa bei ya tokeni hizo zakaribia 1,700 kwa mwezi, kwa hiyo elfu arobaini inarudi kwa miaka miwili hivi. Mfukoni kwako jipya linashinda. Kwa upande wa moshi linashinda polepole zaidi, miaka kadhaa, kwa sababu stima yetu ni safi kiasi. Ingekuwa Afrika Kusini, ambako stima ni ya makaa ya mawe, ningekwambia litoe leo.

Lakini huna elfu arobaini leo, na mimi sipendi ushauri wa mtu mwenye pesa kwa asiye nazo. Anza na karatasi ya daftari kama nilivyofanya. Halafu angalia barafu iliyoganda kwenye kuta za ndani. Ikizidi unene wa kidole, kompresa inafanya kazi ya kusukuma baridi kupitia blanketi. Iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu, usichokore kwa kisu. Nimeona friza ngapi zimetobolewa kwa kisu cha jikoni!

BarafuZaKisauni

Kisu nimetumia jana. Sijatoboa, alhamdulillahi.

MwanaChangamwe

Mwenye uzi, nimekusoma vizuri, ila kuna mahali umepita haraka. Mimi nimezaliwa Changamwe. Nikipanda juu kuanika nguo naziona bomba za moshi za mitambo ya stima ya Kipevu. Wewe wasema stima yetu ni mvuke na upepo. Basi ule moshi ninaouona jioni ni wa nini?

FundiBaridi

Umenishika pazuri, ndugu yangu. Ule ni wa mafuta mazito.

Gramu 100 niliyotaja ni wastani. Wastani unaficha saa. Kuanzia saa moja za usiku mpaka saa nne, nchi nzima inarudi nyumbani kwa pamoja. Taa, televisheni, pasi, jiko la stima, AC, na simu zote zinachomekwa. Wakati huo huo jua la Garissa limeshazama. Olkaria haina cha kuongeza, kwa sababu yenyewe hukimbia sawasawa usiku na mchana. Hapo ndipo mitambo ya mafuta inapoitwa, na mingi iko huku kwetu Pwani. Kipevu III ya megawati 120 iliingia 2011, na Rabai kuna nyingine ya megawati 90. Uniti inayotoka kwenye mafuta mazito huja na zaidi ya gramu 600. Yaani uniti ya saa mbili usiku inaweza kuwa mara sita ya ile unayoiona kwenye wastani, na moshi wake hauendi Uchina, unashukia kwenye nguo zako ulizoanika.

Na mnailipia. Ndani ya yale makato ya tokeni kuna tozo ya mafuta. Mitambo hii ikifanya kazi zaidi mwezi huu, tozo inapanda kwa kila mtu, hata bibi yangu mwenye balbu mbili.

Dada wa barafu, rudi hapa, hii ni yako. Friza lililojaa barafu ni betri. Ukilijaza mchana jua likiwa kali na stima ya jua iko, ukalizima saa kumi na mbili na nusu jioni, ukaliwasha tena saa nne, barafu haitayeyuka maadamu hufungui fungui mlango. Maji ya kuuza jioni yatoe mapema uweke kwenye kisanduku cha baridi. Tokeni utaokoa chache tu, maana kompresa italipa baadaye baridi iliyopotea. Lakini utakuwa umeitoa mzigo wako kwenye saa za Kipevu.

MjombaBamburi

Nasoma kimya tangu asubuhi. Mnajitesa bure. Kenya nzima haifiki asilimia moja ya moshi wa dunia. Wazungu na Wachina wana mitambo ya kompyuta inayokula stima kuliko nchi yetu yote, halafu mama wa Kisauni azime friza?

TudorMwanafunzi

Shikamooni wakubwa. Mjomba, kwenye hiyo ya mitambo una haki, niongeze namba. Shirika la Kimataifa la Nishati linasema vituo vya data duniani vilitumia teraWati-saa kama 415 (moja ni uniti bilioni moja) mwaka 2024, karibu asilimia moja na nusu ya stima yote ya dunia. Kenya tunazalisha kama 14 kwa mwaka. Ni mara thelathini yetu. Ireland pekee, vituo hivyo vilikula asilimia 21 ya stima ya nchi mwaka 2023, vikazipita nyumba zote za mijini. Na shirika hilo hilo linaona kufikia 2030 matumizi ya dunia yatakuwa zaidi ya mara mbili, sana kwa sababu ya akili mnemba.

Hata sisi tuko kwenye mnyororo huo. Kebo ya TEAMS iliyotoka Fujairah ilifika hapa Mombasa 2009, na nyingine zikafuata. Video unayoitazama Bamburi inapita chini ya bahari kabla haijafika kwako.

Ila kuna jambo lililonishangaza nilipokuwa nasoma. Mwaka 2020 shirika hilo lilipiga hesabu ya saa moja ya video, likakuta karibu robo tatu ya stima yake inaliwa na kile kifaa unachotazamia. Televisheni ya ukutani ndiyo inayokula, seva inachukua kidogo. Kutazama kwenye simu ni tone.

FundiBaridi

Marahaba mwanangu. Hiyo ya televisheni sikuijua, nitawaambia wateja wanaoniletea inchi 65 kwa sebule ya futi kumi.

Mjomba, nakuheshimu, na ni kweli hatukuianzisha sisi. Lakini ngoja nikuachie mtu wa baharini akujibu, mimi nitarudi na langu.

NahodhaLikoni

Mjomba salaam. Mimi navua tangu kabla ya 1998. Mwaka ule maji yalipata joto, matumbawe yakawa meupe kuanzia huku mpaka Malindi. Tulidhani ni maua. Miezi michache baadaye yakafa, yakaota majani ya kahawia, na changu na tafi wakawa wa kuhesabu. Mahali pengine pamerudi, pengine ni kifusi mpaka leo. Yamegeuka meupe tena mara kadhaa tangu hapo. Sijui asilimia. Najua nilikuwa narudi saa tatu asubuhi na samaki, sasa narudi adhuhuri.

MjombaBamburi

Nahodha, hapo nimenyamaza. Lakini bado nasema wao walipe kwanza.

FundiBaridi

Walipe, naam. Nilitaka kusema la kwangu, nalo ni la aibu na nimelibeba muda.

Nilipofundishwa kazi, ukitaka kufungua AC yenye gesi ulikuwa unalegeza nati, unasikia fyuuu, unasubiri, basi. Mwalimu wangu alifanya hivyo, nami nikafanya hivyo miaka mingi, juu ya mapaa ya Nyali na ya Mtwapa. Hakuna aliyetueleza. Gesi ya R410A iliyo kwenye AC nyingi za ukutani, kilo moja ikitoka hewani inafanya kazi ya kilo 2,088 za hewa ya ukaa. Ile ya zamani ya R22 ni kama 1,800, na juu ya hapo inaila ozoni. AC moja ya chumba ina kama kilo moja. Tani mbili, kwa kulegeza nati! Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: ni moshi wa kiwandani wa simu arobaini. Ni uniti elfu ishirini za stima yetu. Nyumba ya kawaida haizimalizi kwa miaka kumi.

Kwa hivyo Mjomba, hiyo haikufanywa na Mzungu. Ilifanywa na mimi kwa spana namba kumi na nne.

Siku hizi nina mashine ya kunyonya gesi na mtungi. Dunia ilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza gesi hizi, na Kenya imeridhia. Friji mpya nyingi zinatumia R600a, inayowaka moto lakini haina athari kubwa hewani, na AC za R32 zina kama theluthi ya madhara ya R410A. Ukiita fundi, muulize swali moja: gesi unayoitoa unaipeleka wapi? Akikwambia "inatoka tu", mwite mwingine. Na ukijazwa gesi kila mwaka, ujue kuna tundu. Gesi ya friji haiishi kama ya kupikia. Anayekujazia bila kutafuta tundu anakuuzia moshi.

KiloloMagongo

Dawa si kila mtu aweke sola na betri? Tumalize habari ya Kipevu na tokeni. Betri za gari za mtumba zipo bei rahisi.

MwanaChangamwe

Kilolo, sola sawa. Hiyo betri ya gari, ngoja.

Kutoka kwetu mpaka Owino Uhuru ni mwendo wa miguu. Mwaka 2007 kilifunguliwa pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu watoe madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Watoto wakaanza kuugua, mimba zikaharibika, kuku wakafa wakinywa maji ya mfereji. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa pale, na mwanawe mwenyewe alipopimwa akakutwa na risasi kwenye damu. Yeye na wenzake walipigana mpaka kiwanda kikafungwa 2014, akapewa tuzo ya Goldman 2015. Mahakama hapa Mombasa iliamua 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda na kushuka, na Mahakama ya Juu ikalirudisha hilo Desemba 2024. Hesabu miaka, ndugu yangu. Mtoto aliyekuwa tumboni kiwanda kinafunguliwa alikuwa amefika kidato.

Na betri zile zilitoka wapi? Kwenye magari, kwenye minara ya simu, kwenye majumba yenye stima ya akiba. Sisemi msiweke sola, paa letu linayo. Nasema betri ikifa, mtu anayekuja na mkokoteni na kukupa mia tisa, muulize anaipeleka wapi.

FundiBaridi

Hili sina la kuongeza isipokuwa la kiufundi. Ukiweza, weka betri ya lithiamu aina ya fosfeti. Bei inauma, lakini hudumu miaka mingi zaidi ya ile ya gari na haina risasi. Betri ya gari haikuundwa kuchoshwa kila usiku, itakufa baada ya mwaka au miwili na utakuwa umetengeneza taka nyingine.

BarafuZaKisauni

Fundi, wiki mbili zimepita, nimerudi. Nimeyeyusha barafu ya ndani, ilijaa ndoo mbili. Karatasi ilitoka pembe mbili, kijana wa hapa mtaani amenibadilishia raba kwa mia nane. Nalizima magharibi naliwasha baada ya isha, na wateja wa jioni nawauzia kwenye kisanduku cha baridi kama ulivyosema. Tokeni za mia tano sasa zimenifikisha siku ya saba na kitu. Barafu haijayeyuka hata siku moja, ila siku ile mwanangu alifungua mlango akauacha.

FundiBaridi

Dada, umenifurahisha kweli. Kutoka siku nne na kitu mpaka saba, hiyo ni raba na ile ndoo mbili. Tunza hiyo tofauti kwenye kikopo, na siku friza likikata roho usimwite mtu wa vyuma vikuu kwanza, niite mimi nije na mtungi ninyonye gesi. Sitakutoza.

TudorMwanafunzi

Fundi, swali la mwisho. Nina simu tatu zilizokufa kwenye droo na laptopu moja ya marehemu babu. Nimesoma kwamba dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022 na kama asilimia 22 tu ndizo zilizokusanywa vizuri. Sitaki zangu ziende jaa la taka la Mwakirunge zikachomwe pamoja na mifuko. Nizipeleke wapi?

FundiBaridi

Zilete kwangu. Simu iliyokufa ina kioo kizima, au spika, au kamera, na kila kipande kinachotoka hapo kinamwokoa mtu mwingine asinunue mpya. Yule mteja niliyeanza naye uzi huu amerudi jana, simu mpya ilikuwa bei juu. Kioo chake tumekipata kwenye simu ya mtu aliyeiangusha chooni, bodi ilikufa, kioo kiko salama. Amelipa nusu ya bei ya awali. Bodi zisizo na kazi nazikusanya kwenye ndoo, zikijaa natafuta gari liende Nairobi kwa wanaozivunja kihalali, maana huku sijapata ninayemwamini. Betri zilizovimba usizitoboe wala usizilalie, ziweke kwenye mchanga mkavu uje nazo hivyo hivyo.

Hiyo laptopu ya babu usiitoe vipande kwanza. Njoo nayo na chaja yake. Za miaka ile ukizibadilishia diski na kuzisafisha feni huamka. Nipo mpaka alasiri kila siku, Ijumaa nafunga saa sita.